Ukifika kwenye dirisha la uhamiaji

Nimegonga mihuri miaka mingi nyuma ya lile dirisha, na wanaonisikitisha hadi leo ni wasafiri wasio na kosa waliokwama kwa kutojua tunaangalia nini.

Mara nyingi jina lako hutangulia: nchi nyingi hudai orodha ya abiria kabla ndege haijatua. Pasipoti ikipita kwenye mashine, husomwa ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha. Kila mstari una nafasi 44, na baadhi ni tarakimu za kuhakiki, zinazokokotolewa kutokana na namba na tarehe zako. Mtu akichezea tarehe ya kuzaliwa, hesabu inagoma. Namba yako huweza pia kutafutwa kwenye orodha ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ya hati zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa 2002. Kwa hiyo kama uliripoti pasipoti imepotea, kisha ukaikuta chini ya godoro, usisafiri nayo. Omba mpya.

Halafu maswali. Umekuja kufanya nini? Siku ngapi? Utafikia kwa nani? Nani anakugharamia? Afisa hatafuti jibu tamu, analinganisha mdomo wako na karatasi zako. Ukisema wiki mbili na tiketi ya kurudi ni ya miezi mitatu ijayo, utaambiwa usogee pembeni. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Usichokijua, sema hukijui.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja kumuuguza bintiye aliyejifungua. Anwani ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imezima. Alisimama akibonyeza kile kitufe, vidole vinatetemeka, kioo cheusi tii. Alikaa kwenye benchi karibu masaa matatu mpaka binti akapatikana nje. Tafadhali, andika anwani na simu ya mwenyeji wako kwenye karatasi, uiweke ndani ya pasipoti.

Hakikisha pia pasipoti ina miezi 6 mbele kabla muda wake haujaisha, maana nchi nyingi hutaka hivyo. Viza peke yake haikuhakikishii kuingia.

Ukipelekwa chumba cha mahojiano, bado hujakamatwa. Omba mkalimani ukihitaji, na usitie saini usichokielewa.

Ukigongewa muhuri, usome palepale: tarehe, na siku ulizopewa. Kosa likionekana dirishani, afisa aliyelifanya analirekebisha mara moja. Ukiligundua siku ya kuondoka, utajieleza kwa mtu ambaye hakukuona ukiingia.