SOMO: Kitufe cha SOS kwenye magari ya Ulaya, nani hasa anakuona

Kila wiki swali ni lile lile: "Gari lina SOS juu ya kioo, wananifuatilia?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Angalia kama gari lina eCall, yaani mfumo unaopiga simu ya dharura wenyewe ukipata ajali. Ulaya ililazimisha kuanzia 31 Machi 2018, kwa aina mpya za magari tu. Muundo wa zamani uliotoka kiwandani 2019 unaweza kukosa.

2. Soma kitabu cha gari. Mtengenezaji analazimika kueleza humo data zinavyotumika.

3. Tenganisha mifumo miwili. Wengi hukwama hapa. eCall ya 112 (namba ya dharura ya Ulaya) imelala. Laini yake ya simu haijisajili kwenye mtandao mpaka eabegi ifyatuke au ubonyeze kitufe. Inakumbuka mahali patatu pa mwisho gari lilipokuwa tu, papya pakiingia pa zamani panafutika. Ikiamka inatuma baiti 140: namba ya chesisi, saa, mahali, uelekeo, aina ya nishati. Anayekuona kila siku ni huduma ya mtengenezaji, ile ya programu ya simu. ONYO: kwenye gari la mkononi, akaunti ya mwenye zamani mara nyingi bado imeunganishwa, anaona ulipoegesha. Kufuta mipangilio kwenye skrini huenda kusitoshe, maana uhusiano uko kwenye seva. Huyo mwenye zamani alitoe gari kwenye akaunti yake mbele yako, kabla hujalipa.

4. Zima kutuma mahali kwenye menyu ya faragha.

5. Mwandikie mtengenezaji uombe nakala ya data zako, kifungu cha 15 cha GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data. Ana mwezi mmoja kujibu.

MASWALI

Juma_K: Fyuzi ya SOS ni ipi niichomoe?
Jibu: Rudi hatua ya 3. Ukichomoa unaua msaada wako mwenyewe, na ukaguzi wa gari unaangalia eCall.

Mama Zu: Samahani mwalimu, nikibonyeza kwa bahati mbaya?
Jibu: Swali zuri dada. Usikate, subiri useme umekosea. Baada ya simu, laini hukaa hai saa moja au zaidi ili kituo cha dharura kiweze kukupigia, na gari hupokea lenyewe. Kumbukumbu ya tukio haitakiwi kuzidi saa 13.

Baharia: Nalipeleka Dar, itafanya kazi?
Jibu: Usiitegemee. Huko hakuna kituo cha kupokea data za eCall.

Mama Zu: Na majina ya simu yangu yaliyobaki kwenye redio?
Jibu: Hayo ndiyo watu husahau wakiuza. Futa simu kwenye orodha ya bluetuthi, kisha ufungue kitabu cha majina uhakikishe kiko tupu.