Ukirudia kusoma hadithi ya Bai Qian na Ye Hua, safari hii kaa upande wa Ye Hua

Hii ni kwa wale walioshamaliza kitabu cha kwanza cha Three Lives Three Worlds, ule mfululizo wa riwaya za Kichina za miungu na mapenzi wa Tang Qi, kama bado hujamaliza ishia hapa hapa maana nitataja kila kitu, nani kafa, nani karudi. Kwa tuliomaliza mnaijua ile hali, unafunga kitabu halafu wiki nzima kila ukishika kingine unaona hakina ladha. Basi rudia tu, hakuna ubaya, ila kuna namna ya kurudia. Wengi naona wanaruka ruka kutafuta zile sehemu za mapenzi, wanasoma, wanalia, wanafunga simu, na mimi naona hapo wanapoteza kitu kikubwa sana.

Mara ya kwanza ulisoma ukiwa upande wa Bai Qian kwa sababu yeye ndo anasimulia, na Bai Qian hakumbuki. Aliomba dawa ya kusahau kwa Zhe Yan, mungu mganga mwenye msitu wa mipichi, akainywa, yakaisha, kwa hiyo na wewe msomaji unatembea naye gizani. Mara ya pili kaa upande wa Ye Hua. Yeye anamtambua mke wake mapema, mke mwenyewe hajakumbuka lolote, na Ye Hua ananyamaza. Ukisoma na hilo kichwani kila sentensi yake inabadilika, hata zile fupi fupi ulizodhani ni za mtu mwenye maringo.

Anza na ule utangulizi wa Su Su, usiuruke hata kama unauma. Uusome peke yake usiku mmoja halafu ulale, kesho ndo uendelee. Su Su ndo Bai Qian mwenyewe kabla ya kusahau, wakati huo ni binadamu wa kawaida anaishi mlimani Junji, anaolewa na Ye Hua, anapelekwa mbinguni ambako hana mtetezi, anatolewa macho kwa ajili ya Su Jin, mwanamke anayemtaka Ye Hua, anajifungua mtoto halafu anajirusha. Kisha unafungua sura inayofuata unakutana na Bai Qian anaongea kwa raha zake kama hakuna kilichotokea. Ukizisoma zote mbili kwa pupa usiku mmoja ile tofauti ya sauti huisikii, ukilala katikati unaisikia vizuri mno.

Sasa fika kwenye sherehe ya Bahari ya Mashariki, hapa nakuomba uende taratibu kabisa. Bai Qian anaingia kwenye jumba la chini ya bahari amefunga kitambaa cheupe machoni sababu mwanga mkali unamuumiza. Mara ya kwanza ulipita hapo, ukaona ni pambo tu la mrembo wa kimungu. Wewe sasa umetoka kusoma Su Su alivyotolewa macho! Halafu anatokea mtoto, Ali, anamng'ang'ania anamuita mama, na yeye anaona huyu mtoto kapotea njia, anamuonea huruma. Ni mwanawe wa kumzaa. Mimi hapo huwa nasoma mstari mmoja nasimama, narudi nyuma. Baba mtu akifika angalia anamtazama vipi, anauliza nini na nini haulizi, na Bai Qian naye anashtuka kivyake kwa sababu sura ya Ye Hua ni ile ile ya mwalimu wake Mo Yuan, sasa wewe unajua tayari kuwa hao ni mapacha, yeye hajui. Watu watatu ndani ya tukio moja, kila mmoja na anachokijua chake.

Kwa hiyo tafuta kaunta buku, kale kadogo kanatosha. Usijaze muhtasari wa sura, utachoka na sura ya nne utaacha. Andika vitu vitatu tu: jina analotumia mtu kwa wakati huo, ni kipindi gani, na anajua nini. Hicho cha tatu ndo muhimu. Bai Qian peke yake ana majina matatu, ni Si Yin alipokuwa mwanafunzi wa 17 wa Mo Yuan huko mlima Kunlun akijifanya mwanaume, ni Su Su alipokuwa binadamu, na ni Bai Qian wa Qingqiu, nchi ya kwao ya mbweha. Na miaka yao inachanganya, Bai Qian ana kama miaka 140,000 Ye Hua 50,000, na mwili wa Mo Yuan aliyekufa vitani Bai Qian kautunza kwa damu yake miaka 70,000. Ukiandika pembeni hutasumbuka tena kurudi nyuma kutafuta.

Sehemu za kupunguza mwendo zaidi ni zile za Qingqiu, Ye Hua anapohamia kwao na kuingia jikoni kupika. Mrithi wa kiti cha mbinguni, anapika! Mara ya kwanza inachekesha, ila ukijua ni mtu aliyempoteza mke na sasa anamuona akila mbele yake ametulia, utaelewa kwanini nasema usikimbie. Kule kwa Zhe Yan na pombe yake ya maua ya pichi unaweza kupita haraka kidogo, sisi watu wa Mtwara tunamuelewa bila kuelezwa, ni kama mzee mwenye shamba la mikorosho na uraka wake wa mabibo, kila mwenye shida anaishia kwake. Vita vya zamani na Qing Cang, yule mfalme wa ukoo wa mizimu, pia pita tu, ila ile Kengele ya Donghuang, silaha yake ya maangamizi, usiisahau maana ndo inakuja kumchukua Ye Hua mwishoni, na Bai Qian anakaa na msiba miaka mitatu mpaka anaporudi.

Tamthilia ya 2017 ya Yang Mi na Mark Chao, ile ya vipande 58, iweke baadaye. Si mbaya, naipenda sana, ila yenyewe inaanzia Kunlun inaenda kwa mpangilio wa miaka, sasa ukiitazama kabla ya kurudia kitabu ile siri ya kitabu inakufa.

Kuhusu muda, huku kwetu msimu wa korosho ukishaanza mwezi wa 10 kichwa hakitulii, watu wako mnadani na mashambani, mimi napendekeza masika mvua ikiwa imekufungia ndani. Daunlodi kitabu kizima mapema bando likiwepo, chaji simu ukiona umeme upo, na hata ukikaa kusubiri pantoni ya Msangamkuu unaendelea bila kutegemea mtandao.

Ukimaliza nenda kwenye The Pillow Book, kitabu kingine cha mfululizo huo huo, hadithi ya mapenzi ya Feng Jiu na mungu wa kale Dong Hua, halafu fanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi, rudi kitabu cha kwanza usome zile kurasa ambazo Feng Jiu anapita pita tu kama mpwa wa Bai Qian. Sasa unajua alivyomhangaikia Dong Hua mpaka akaishi kwake akiwa mbweha wa kufugwa. Kila anapotajwa Dong Hua mbele yake, soma na sentensi inayofuata, usigeuze ukurasa kwanza.