Matoke ya kufunga kwenye majani na mchuzi wa karanga (usiyachemshe tafadhali)

Habari zenu wapishi. Mlioomba somo la matoke, leo nimepata nafasi, mtoto amelala na umeme upo. Niseme kwanza mimi si Muganda, nimekulia kambi ya jeshi Jinja na nyumbani tuliongea Kiswahili tu, matoke tulikuwa tunatupa kwenye maji na chumvi kama viazi, basi. Nilivyoolewa Masaka ndo mama mkwe akaonja akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, hii ni katogo (matoke ya kuchemshwa sufuria moja na nyama au mboga) iliyokosa nyama. Kwa Waganda ukisema "emmere", yaani chakula, watu washajua ni matoke, kwa hiyo hapo nilikuwa sijakosea mboga, nimekosea chakula chenyewe.

Mahitaji ya watu sita: matoke 25 hadi 30 ya saizi ya kati, majani ya mgomba kama manane, unga wa karanga vikombe viwili, vitunguu viwili, nyanya tatu, samaki wa moshi mmoja, chumvi.

Kununua. Uliza kibuzi, nakitembe au mpologoma. Mbidde ni ya pombe na gonja ni ya kuchoma, usikubali muuzaji akuchanganyie. Angalia vidole viwe vimejaa, vyenye kona kali havijakomaa na ukivipika vinabaki vigumu hata ukeshe.

Hatua ya 1. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, utomvu ukishika gauni ndo mmeachana. Toa ganda lote pamoja na ile ngozi ya ndani, ikibaki matoke yanakuwa na madoa meusi na uchungu kidogo. Maganda mpe jirani mwenye mbuzi.

Hatua ya 2. Pitisha majani juu ya moto haraka haraka yalainike yasichanike. Chonga ule uti wa katikati uutoe, usiutupe, ukate vipande upange ndani ya sufuria chini kabisa, ndo utakaoinua mzigo usiguse maji.

Hatua ya 3. Tandika kamba mbili za mgomba mkavu chini, juu yake majani matatu manne yakipishana, panga matoke, kunja, funga kama unafunga mtoto mchanga. Weka sufuriani, mimina maji yaishie kwenye uti, funika juu kwa majani mengine ukichomeka pembeni mvuke usitoroke. Sigiri (jiko la mkaa) iwe na moto mkali, lisaa limoja hadi lisaa na nusu. Mimi huweka kajiwe kasafi ndani ya sufuria chini kwenye maji, kakiacha kugonga gonga najua maji yanaisha. Nilijifunza hilo vibaya, siku wageni wamekuja maji yalikauka na mimi niko sebuleni nacheka, matoke yakanuka moshi na baba mkwe akala mchuzi peke yake bila kusema neno.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi wanaharibu. Yakishaiva wanapakua. Hapana! Toa mzigo, usiufungue, shika kitambaa kizito maana yanaunguza sana, bonyeza kwa viganja ukizungusha mpaka usikie ndani hakuna kidole kilichobaki kizima. Hiyo ndo kunyiga. Halafu rudisha sufuriani, ongeza maji, punguza mkaa au uufunike na majivu, uache tena lisaa zima kwa moto wa pole. Hii ya pili ndo inaitwa kubobeza na ndo inayoleta ule ulaini na rangi ya njano na harufu ya jani. Matoke yaliyonyigwa tu bila kubobezwa yakipoa kidogo yanakuwa kama udongo.

Mchuzi upike wakati huo wa kubobeza. Karanga zichambue kabla ya kutwanga, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini na kupika hakuiondoi. Koroga unga na maji baridi vikombe vitano mpaka mabonge yaishe, tia kitunguu na nyanya, bandika moto mdogo. Usiende popote, karanga hufura na kumwagika ukigeuza shingo tu. Usifunike kabisa. Baada ya nusu saa hivi utaona mafuta yanaelea juu, hapo tia chumvi na samaki uliyemwosha kwa maji ya moto na kumtoa miba, dakika kumi, epua.

Maswali yenu sasa.

Dada wa Arua: Mi natumia odi (karanga za kukaanga zilizosagwa laini), inafaa ama lazima unga?
Inafaa dada, ila odi imeshakaangwa, haihitaji muda mrefu, na kama imesagwa na simsim ladha itabadilika, si vibaya. Ilegeze kwanza na maji ya uvuguvugu pembeni, ukiitupa nzima sufuriani utahangaika na mabonge.

Kaka yuko Kampala: Nyabo mimi bachela, majani nitoe wapi, kavera (mfuko wa plastiki) si inafanya kazi hiyo hiyo?
Najua wengi wanafunika na kavera, mimi sitaki kuiona karibu na chakula cha moto. Majani yanauzwa soko lolote lenye matoke. Ukikosa kabisa, funga kwa kitambaa safi cha pamba, harufu ya jani utaikosa ila utakula.

Wa Mbale: Huo mchuzi naweza kupikia malewa (machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi)?
Swali zuri na wewe ndo ungenifundisha! Naweza kusema tu malewa makavu uyaloweke usiku mzima, uyachemshe na magadi mpaka yalainike ndo yaingie kwenye karanga, na samaki muache, moshi wa malewa wenyewe unatosha.

Mama wa watoto watatu: Yakibaki usiku asubuhi nafanyaje, yanakuwa magumu.
Yafunge tena kwenye jani uyape mvuke nusu saa. Ama kata vipande ukaange na kitunguu, wangu wanagombania hivyo na chai kuliko mkate.

Kaka wa Kampala tena: Nimefunga na kitambaa, nimefika kwenye kunyiga, kimechanika, matoke yako ndani ya maji.
Pole kaka. Tia nyanya na vitunguu, hiyo sasa ni katogo.