Kufufua Mitambo ya Stirio ya Zamani Katika Hewa ya Chumvi ya Mtwara na Lindi

Katika nyumba nyingi za Mtwara, Mikindani, Lindi na Newala bado ipo amplifaya au redio kaseti kubwa iliyonunuliwa baada ya msimu mzuri wa korosho, ambayo sasa imefunikwa kitambaa cha kufuma na kugeuzwa kuwa meza ya televisheni. Mitambo hiyo ya miaka ya 1970 na 1980 iliundwa kwa vipuri vinavyoonekana kwa macho na kushikika kwa vidole, kwa hiyo mtu mwenye subira na zana chache anaweza kuitengeneza akiwa nyumbani kwake. Katika ukanda wetu mitambo hii haifi sana kwa uzee wa transista, yaani vipuri vinavyokuza sauti. Huuawa zaidi na hewa ya chumvi, unyevu, na haraka ya mtu anayechomeka plagi ukutani kabla hajafungua kifuniko. Mwongozo huu umepangwa kwa nia ya kuizuia hiyo haraka.

Kuuliza na kunusa kabla ya kununua

Kabla ya kutoa fedha, uliza historia ya mtambo, kwani mwenye nyumba hujua mambo ambayo maltimita, yaani kipima-umeme, haiwezi kukuambia.

"Shikamoo, bibi. Redio hii iliachaje kulia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeme ulikatika, uliporudi ikatoa moshi. Tangu siku hiyo imenyamaza."

Jibu la namna hiyo linaelekeza kwenye fyuzi, rektifaya (kipuri kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mnyoofu, kama wa betri), transista za nguvu, au transfoma yenyewe. Lakini ukiambiwa kwamba redio ilianza kukwaruza, kisha ikawa inalia upande mmoja tu, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni uchafu ndani ya swichi na vidhibiti vya sauti, na hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Sogeza pua kwenye matundu ya kupitishia hewa juu ya kifuniko. Harufu kali ya vanishi iliyoungua ina maana kwamba nyaya za transfoma zimeungua, na kwa kuwa transfoma ya mtambo wa zamani ni kipuri kigumu kupata kuliko vyote, mimi ningeuchukua mtambo huo kwa bei ya spea tu, au ningeuacha.

Soma pia bamba la nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50 (mawimbi 50 kwa sekunde), ilhali mitambo iliyouzwa ndani ya Japani ni ya volti 100 na ile ya Marekani ni ya volti 120. Mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje ina swichi ndogo ya kuchagua volti mgongoni, na swichi hiyo inaweza kuwa imeachwa kwenye 110. Mtambo wa volti 100 au 120 usio na swichi hiyo utahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo iwe na uwezo wa takribani mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye bamba, ili isichemke muziki unapopandishwa.

Kufungua na kusafisha

Chomoa plagi, fungua skrubu za kifuniko na uziweke kwenye kikombe. Ndani utakuta vumbi lililoshikana na unyevu, mayai ya mijusi, mabawa ya mende, na pengine kutu ya kijani kwenye miguu ya vidhibiti. Usiguse chochote kabla ya kupima volti kwenye kapasita kubwa mbili (vipuri vinavyohifadhi umeme) zilizo karibu na transfoma, kwani zinaweza kubaki na chaji hata baada ya mtambo kuzimwa. Ukikuta zaidi ya volti chache, imalize chaji hiyo kwa kuunganisha rezista ya ohm 1,000 yenye uwezo wa wati 5 kati ya miguu miwili ya kapasita kwa muda wa dakika moja, kisha pima tena. Mafundi wengine huigusanisha miguu hiyo kwa bisibisi. Cheche inayoruka hapo huweza kuharibu kapasita, na ikitokea karibu na jicho huleta madhara makubwa zaidi.

Vumbi lipanguse kwa brashi laini ya rangi. Vidhibiti vya sauti na swichi vipulizie dawa ya kusafishia kontakti kupitia tundu dogo lililo karibu na miguu yao, kisha uvizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, mpaka uhisi mkwaruzo umekwisha. Mafuta ya taa na petroli, ambayo bado hutumiwa na baadhi ya vibanda vya ufundi, hulainisha kwa wiki chache tu. Baadaye huacha utando unaonasa vumbi na hudhoofisha plastiki, mbali na hatari yake ya moto.

Angalia fyuzi kwa makini. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya umelehemiwa juu yake, tambua kwamba kuna mtu aliyeulazimisha mtambo huo uwake, na kwamba hitilafu iliyokata fyuzi ya kwanza huenda bado imo ndani. Weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye bodi. Geuza bodi na utazame sehemu zilizolehemiwa chini ya transista kubwa na soketi, kwa sababu joto la miaka mingi hupasua lehemu na kuacha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa kipuri. Sehemu hiyo ipashe tena kwa pasi ya kulehemia ya wati 40 na uongeze lehemu kidogo yenye rizini. Kapasita iliyovimba kichwa au iliyovuja maji ya kahawia ibadilishe kwa nyingine yenye mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na upande hasi ukae palepale ulipokuwa, kwani kapasita ya aina hii ikigeuzwa huweza kupasuka. Vipuri hivi huagizwa Kariakoo na kuletwa na mabasi ya Dar es Salaam. Ni vyema uandike vipimo vyote kwenye karatasi moja kuliko kuagiza kimoja kimoja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Hapa ndipo mitambo mingi hupotea, na kinga yake ni rahisi mno. Tafuta balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, ya wati 60 au 100, na uiunganishe kwenye njia ya waya wa moto, ili umeme upite kwanza ndani ya balbu ndipo uingie kwenye amplifaya. Balbu za LED na zile za kubana matumizi hazifai kwa kazi hii, maana haziruhusu umeme kupita kwa namna inayohitajika. Maungio yote yafungwe ndani ya kisanduku kisichopitisha umeme, na soketi iwe na swichi yake. Usiunganishe spika, sauti iwe sifuri, kisha washa.

Kama mtambo ni mzima, balbu itawaka kwa nguvu kwa kitambo kidogo wakati kapasita zinajaza chaji, halafu itafifia hadi kubaki nyekundu kidogo au kuzimika kabisa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima mara moja: mahali fulani pana shoti, na balbu imelibeba pigo ambalo lingeunguza transfoma. Katika hali hiyo anza kwa kupima transista za nguvu zilizofungwa kwenye bamba la kupozea, kwani ndizo huungua mara nyingi, kisha upime rektifaya.

Balbu ikififia, acha mtambo ukae hivyo kwa muda wa robo saa huku ukinusa na kutazama moshi. Baadaye ondoa balbu, washa mtambo moja kwa moja, na upime volti za umeme mnyoofu kwenye matundu ya spika, upande wa kushoto na wa kulia. Kipimo kilicho chini ya milivolti 50 kinaridhisha. Kipimo cha volti kadhaa maana yake ni kwamba spika utakayounganisha itasukumwa upande mmoja na koili yake, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, itaungua, kwa hiyo usiiunganishe mpaka hitilafu hiyo ipatikane. Hata kipimo kikiwa kizuri, jaribio la kwanza la muziki lifanywe kwa spika ya bei ndogo.

Spika

Wengi hufikiri spika inayotoa sauti ya kupasuka imeungua, na kumbe mara nyingi kilichooza ni sponji inayozunguka koni (sehemu ya karatasi inayotetemeka) tu. Sponji hiyo huvunjwavunjwa na unyevu na hewa, na pwani huoza haraka zaidi. Ukiibonyeza kwa kidole hubaki kama unga mweusi unaonata. Spika zenye mzunguko wa mpira au kitambaa hudumu zaidi, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hizo.

Kujua kama koili ni nzima, gusa miguu ya spika kwa betri ya volti 1.5 kwa kitambo kifupi. Koni itaruka na kutoa mlio mdogo, na ikiruka kuelekea mbele, basi mguu ulioguswa na upande chanya wa betri ndio mguu chanya wa spika. Spika ya ohm 8 husoma kati ya ohm 5.5 na 7 kwenye maltimita, na ikiwa haisomi chochote, koili imekatika. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikiwa unasikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku.

Kubadilisha sponji kunahitaji utulivu kuliko ufundi. Ondoa mabaki ya sponji na gundi ya zamani kwa spiriti na ubapa wa kisu butu, bila kuloanisha karatasi ya koni. Gundisha sponji mpya kwenye koni kwanza kwa gundi nyeupe, uache ikauke. Kisha fungua kofia ndogo ya katikati kwa wembe na uchomeke vipande vyembamba vya plastiki kati ya koili na nguzo ya sumaku, pande nne, ili koili ikae katikati kabisa wakati unagundisha ukingo wa nje kwenye fremu. Acha kwa siku nzima, toa vipande, rudisha kofia. Gundi ya papo hapo isitumike hapa, kwa kuwa haikupi muda wa kurekebisha. Ikiwa kasha limeliwa na mchwa, seremala anaweza kuunda jingine la mninga, mradi nafasi ya ndani ibaki na ukubwa uleule, la sivyo besi itabadilika.

Kaseti na santuri

Deki ya kaseti isiyozungusha huwa na mkanda wa mpira ulioyeyuka na kuwa kama lami. Safisha yote kwa spiriti, pima njia ya mkanda kwa uzi, na uagize mkanda mfupi kidogo kuliko kipimo hicho ili uvutike. Vichwa vya kusomea na gurudumu la mpira visafishwe kwa pamba na spiriti. Kaseti yenye madoa meupe ya kuvu usiicheze, kwani kuvu litahamia kwenye deki na kaseti nyingine.

Kwa santuri, tatizo ambalo watu wengi hawalitarajii ni mwendo. Mashine ambayo mota yake hufuata hezi za umeme, ikiwa ilitengenezwa kwa hezi 60, hapa itazunguka polepole: mizunguko 33⅓ kwa dakika hushuka hadi karibu 27.8, na mwimbaji husikika kama mgonjwa. Transfoma ya kushusha volti hairekebishi jambo hilo. Inahitajika puli ya mota yenye kipenyo kikubwa zaidi. Sindano iliyochakaa ibadilishwe mapema, kwani huchimba mifereji ya santuri na uharibifu huo hautengenezeki.

Mahali pa kuuweka

Mtambo ukae mbali na dirisha linaloelekea baharini, juu ya rafu ya chuma au matofali badala ya ubao ulioegemea ukuta wenye mchwa, na juu yake paachwe nafasi ya kutosha kupitisha joto. Kitambaa cha kufuma kiondolewe kabla ya kuwasha. Uwashe angalau mara moja kwa wiki kwa nusu saa, kwa kuwa joto lake lenyewe hufukuza unyevu, na kati ya Desemba na Aprili chomoa plagi kila radi inapoanza. Kifaa cha kulinda umeme kisaidie pale volti zinapopanda na kushuka. Ukitaka kusikiliza muziki wa simu, unganisha waya kwenye tundu lililoandikwa AUX au TAPE, kamwe lisiwe lile la PHONO, ambalo hukuza sana sauti ndogo ya sindano ya santuri na litatoa mngurumo mzito uliopasuka.