Namna ya kuandaa siku ya kuwapongeza wanafunzi ambayo bibi naye ataielewa

Mimi ni matroni wa bweni katika shule moja ya mtaala wa kimataifa hapa Mtwara mjini. Mwaka wa kwanza niliposhirikishwa kwenye siku ya pongezi, kila kitu kilisomwa kwa Kiingereza: majina, alama, hotuba. Bibi mmoja alikuwa ametoka Newala alfajiri, amepakata mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, ya kumpa mjukuu. Shughuli ilipokwisha alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, huyu wangu kafaulu au kafeli?" Mjukuu wake ndiye aliyeongoza darasa. Nililia usiku ule. Tangu hapo tunaiandaa hivi.

Tarehe kwanza. Matokeo ya Cambridge, bodi ya Uingereza inayotunga mitihani yetu, kwa mitihani ya Mei na Juni hutoka Agosti, kwa hiyo chagua Jumamosi ya mwanzoni mwa Septemba. Ukichelewa hadi Oktoba, minada ya korosho inaanza, na mzazi mwenye shamba Tandahimba atakuwa anafuatilia mzigo wake kwenye ghala la chama cha msingi.

Kualika ni kwa simu, kwa Kiswahili. Usimpigie mlipa ada peke yake. Muulize mtoto, "Nani alikulea?" kisha mtafute huyo. Mara nyingi ni bibi au shangazi aliyeko kijijini, na hakuna aliyewahi kumpigia kutoka shuleni ila kwa habari mbaya.

Siku yenyewe, kabla hujataja jina hata moja, eleza alama. Watu wamezoea daraja: kidato cha nne cha Baraza la Mitihani huhesabu pointi za masomo saba, na mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza. IGCSE, mtihani wa Cambridge wanaofanya watoto wetu, haina daraja la jumla. Kila somo lina herufi yake, juu kabisa A yenye nyota, kisha A, kushuka hadi G. Iandikwe kwenye manila kwa wino mzito, mwalimu aisome taratibu. Ni dakika kumi tu, ila usizikate hata kama mgeni rasmi amechelewa.

Sasa meza za kazi, na hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Kila mwanafunzi asimame na kazi yake aieleze kwa Kiswahili, bila karatasi. Wafanyishe mazoezi wiki mbili. Utashangaa: mtoto anayejibu mtihani wa sayansi vizuri anakwama akiambiwa amweleze shangazi yake, na akikwama ujue pale hajaelewa. Mwaka jana kijana mmoja alipima kilo moja ya korosho ghafi, akazikaanga na kuzibangua, akapima tena viini. Alikuwa anaeleza kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi, mama mmoja wa Nanyamba akamwonyesha viganja vyake. "Njoo ushike, mwanangu. Hii ni miaka ishirini ya kubangua." Kijana alishika. Kisha akamwomba aeleze yeye jinsi wanavyopaka majivu mikononi, na watu wakahama meza nyingine zote wakaja pale. Ukiona jambo kama hilo limezuka, usimwite mtu arudi kwenye ratiba.

Kwenye kushangilia, jifunze kwa wenyeji. Mtoto akitoka jandoni au unyagoni huku kwetu, ukoo mzima unajaa uani, kina mama wamevaa sare ya kanga, ngoma inalia, na mwari anatunzwa. Watu hao hao sisi tulikuwa tunawaambia wakae kimya wapige makofi kwa zamu! Waache wapige vigelegele, wamfuate mtoto hadi mbele, wamvike kanga. Fedha za kutunza tu ndizo zidhibitiwe: weka kapu moja la darasa zima. Nimeshuhudia mtoto wa mfanyabiashara akibandikwa noti shati zima, na mwenzake wa ufadhili akiangalia chini.

Orodha ya wanaopongezwa isiishie kwenye mitihani. Walete matroni, mpishi na dereva kwenye kikao cha kuipanga, maana sisi tunaona mengine. Mwaka huu mimi nilitaja jina la binti aliyekuwa akiamka usiku kukaa na mgeni wa bweni anayelilia kwao, na la kijana aliyejifunza kuogelea ufukweni Shangani baada ya kuyaogopa maji miaka miwili.

Chakula kiwe wali wa nazi na samaki, ming'oko pembeni. Toa nafasi ya swala ya adhuhuri, na hotuba ya mgeni rasmi iwe fupi. Shughuli ianze saa tatu asubuhi, iishe saa nane kamili, na dereva wa shule awe tayari kuwapeleka wazee stendi, ili wa Newala na Masasi wapate basi kabla giza halijaingia.