Kuona, nadhari, mandhari: jinsi ya kufuatilia asili ya neno mwenyewe

Wengi ukiwauliza asili ya neno wanakurushia "hilo la Kiarabu" basi wameshaondoka. Mi njia yangu ni hii, na tujaribu na mlango mmoja wa fahamu, kuona.

Anza na majirani. Mnyarwanda anasema kubona, Mzulu ukubona, Lingala ni komona, sasa neno limetapakaa mpaka kule kusini litakuwaje la Mwarabu? La Kibantu hilo. Sawa, b imeenda wapi? Cheki watu, wenzetu wanasema abantu, kwa hiyo b yao kwetu ni w, na w ikikutana na o inamezwa, unabaki na ona. Jicho ndio hivyo hivyo, Kinyarwanda ijisho, Kiganda eriiso, na Lamu huko macho wanaita mato.

Halafu tafuta watoto wa neno. Ona imezaa onana, onyesha na onya, yaani kumuonya mtu ni kumfanya aone. Na usiishie machoni, maana tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, na macho tumefumba.

Sasa ya Kiarabu, hapa ndo watu wanateleza. Nadhari asili yake ni kutazama, ndugu zake ni mandhari na nadharia. Shida ni hii dh yetu, imebeba herufi 3 za Kiarabu kwa mpigo, kwa hiyo ukiona maneno mawili yanafanana usikimbilie kuyaoza. Mimi miaka nilikuwa nasema nadhari na nadhiri ni kitu kimoja, eti anayeweka nadhiri anatazama mbele, nimewafundisha na watu kabisa, mpaka ustadhi mmoja akageuza risiti ya simenti akaniandikia yote mawili kwa Kiarabu: ya kutazama ina kijiti kimesimama, ya nadhiri imejikunja tu na nukta juu. Nikanyamaza. Tahadhari nayo ina ile iliyojikunja, sio ukoo wa kutazama. Hadhira ndio kabisa, ina ile ya tatu.

Kwa hiyo pata kwanza maandishi ya Kiarabu, hata kamusi ya simu inatosha, ndo useme. Busara kwa mfano imo kwenye kuona, shina lake b-s-r. Bashiri haimo, ile ni sh, ya ukoo wa kupeleka habari njema.