Kabla ya kununua, iulize mashine uliyo nayo

"Shikamoo mjomba. Ninunue laptopu gani?" Mpwa wangu akiwa na haraka, salamu na swali huja kwa pumzi moja. Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza ninachomuuliza kila mtu: hiyo uliyo nayo inakukwaza wapi? "Ni nzito," akasema. Nzito si jibu. Kompyuta huwa nzito kwa sababu kadhaa, kila moja na dawa yake, na dawa nyingi hazihitaji mashine mpya. Nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka mingi na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nayaandika hapa majibu kama ninavyoyatoa kwenye simu.

Imekuwa nzito, ninunue nyingine?

Kama unatumia Windows, fungua programu zote unazofanyia kazi kila siku. Mashine ikianza kusuasua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski. Usilitazame mashine ikiwa imepumzika, maana kila kitu kitaonekana salama, kama mgonjwa anayepona ghafla akimwona daktari.

Diski ikigota 100 huku prosesa iko kwenye 10 au 15, umempata mkosaji. Mara nyingi hiyo ni diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na kichwa kinachohamahama kutafuta data. Kila safari ya kichwa hicho huchukua takribani milisekunde 10, na Windows ikiwaka huomba mafaili madogo kwa maelfu. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala kichwa, hivyo huifikia data kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Nimeona mashine zilizokuwa zikichukua dakika tatu kuwaka zikawaka ndani ya nusu dakika, kwa prosesa ileile. Hakuna kifaa kingine nilichowahi kubadilisha kikamfurahisha mwenye mashine kiasi hicho.

Kumbukumbu ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 85 muda wote, ongeza RAM, ndilo jina la vibao vya kumbukumbu hiyo. Prosesa ikiwa ndiyo imegota, weka kwanza mkono kwenye matundu ya hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na vumbi lililoziba feni linatosha kuifikisha huko. Isafishe, kisha pima tena. Ikigota tena ikiwa safi na yenye ubaridi, hapo ndipo tuzungumze habari ya mashine mpya.

Mpwa wangu akanitumia picha ya skrini: diski 100, kumbukumbu 92, RAM gigabaiti 4. Nikamwambia afunge pochi yake kidogo.

RAM gani, SSD gani?

RAM zina vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5, na haziingiliani. Kila kizazi kina mkato wake pembeni, na mkato huo haulingani na wa kizazi kingine. Nalijua hili vizuri kwa sababu mwanzoni mwa kazi yangu nilinunua DDR3 kwa mashine ya DDR4, nikaisukuma, ikakataa, nikaisukuma tena kidogo. Bahati ni kwamba niliishiwa nguvu kabla ya tundu kuvunjika. Siku hizi ninafungua mashine kwanza, nasoma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM iliyomo, ndipo naenda kununua. Kwenye laptopu za enzi za DDR3 tazama pia herufi L: DDR3L hutumia volti 1.35, na laptopu nyingi za wakati ule hazikubali ile ya volti 1.5.

Chunguza pia kama RAM inatoka. Laptopu nyembamba nyingi zimetiwa lehemu, RAM imeshikana na bodi na hakuna nafasi ya kuongeza. Lile dirisha la asilimia, upande wa kumbukumbu, huonyesha nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Kwa kompyuta ya mezani yenye nafasi nne na RAM mbili, kwa kawaida zinakwenda kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili zifanye kazi kwa jozi. Watu huziweka pamoja kwa sababu inapendeza macho.

SSD ya inchi 2.5 huingia moja kwa moja palipokuwa na diski ya zamani ya laptopu. Ile nyembamba kama ubamba wa chingamu, iitwayo M.2, ndiyo yenye mtego. Umbo ni moja lakini lugha ni mbili: SATA, inayofika karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na NVMe, inayopita 3000 bila shida. Baadhi ya mashine zina tundu la M.2 linalokubali moja tu. Namba 2280 ni vipimo vyake, milimita 22 kwa 80, wala haihusiani na kasi. Na usishangae ukinunua terabaiti 1 ukaonyeshwa gigabaiti 931. Kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Hujaibiwa.

Kabla ya kufungua chochote, nakili mafaili yako mahali pengine. Zima mashine, chomoa chaja, na kama ni laptopu tenganisha betri na bodi kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kitupu ili umeme tuli ukutoke mwilini.

Na kama ni lazima ninunue?

Usidanganywe na jina la prosesa ya Intel, i7, lililoandikwa kwa herufi za kung'aa. Soma namba inayofuata. Kwenye i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane. Kwenye i7-4600U, ile 4 ni cha nne. Hiyo i5 ina viini vinne, yaani sehemu nne za kufanya kazi kwa wakati mmoja, hiyo i7 ina viwili. Anayenunua i7 hiyo kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5 ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kizazi kina maana nyingine pia. Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, pamoja na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache. Mashine iliyotumika ikiwa chini ya hapo, jua unainunua kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, au kwa kuhatarisha usalama wako. RAM gigabaiti 8 ndiyo sakafu, 16 ni raha. SSD gigabaiti 256 zinamtosha mwandishi wa barua, haziwezi kumtosha mpiga picha.

Chaja yangu imekufa, nitumie ya mwenzangu?

Kwa chaja za pini ya mviringo, volti lazima zilingane na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 inatoa wati 65. Yenye volti zilezile na ampea 4.62 itafaa pia, kwa sababu laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Pini nayo iwe ileile. Kwa USB-C mashine na chaja huelewana zenyewe kuhusu volti, lakini kebo ndiyo huwaangusha watu: baadhi ni za kuchajia tu na hazipitishi picha kwenye monita hata ukiomba kwa machozi.

Monita haionyeshi kitu

Swali hili huniletea kicheko, kwa kuwa mara nyingi mashine ni nzima. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ina matundu ya HDMI sehemu mbili: juu, kwenye bodi, na chini, kwenye kadi. Chomeka chini. Jirani yangu alikaa wiki nzima akiamini kadi yake mpya ilikuwa mbovu.

Wi-Fi inakatika chumbani

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka mbele ya kuta, ya 2.4 hufika mbali ila hugombana na majirani na hata na oveni ya maikrowevu. Ukiwa karibu tumia ya 5, ukiwa mbali 2.4. Itoe ruta nyuma ya televisheni na uiweke juu, mahali pa wazi. Kompyuta isiyohama ipe waya wa mtandao wa Cat 5e, unaobeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Na megabiti 40 ulizolipia ni megabaiti 5 tu za kupakua, maana baiti moja ni biti nane.

Kuhusu printa nina jibu fupi. Ukichapa mara moja kwa mwezi, chukua ya leza, kwa kuwa unga haukauki kama wino. Ila usiichomeke kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika: ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Jioni ile mpwa wangu alipiga tena. SSD imeingia, RAM sasa ni gigabaiti 12, Windows inawaka kabla hajavuta kiti. Akanitumia picha ya laptopu ikiwa imefungwa vizuri mezani, na pembeni yake skrubu moja imebaki.

"Mjomba, hii ya wapi?"

Nikamwambia afungue tena.